Postikadi za biashara ndogo Marekani: mtaa mzima, orodha ya kununua, au wateja ulionao?

Waliokulia Tanzania, Kenya au Kongo wanaijua barua ya sanduku la posta: S.L.P. yenye namba, ufunguo mfukoni, na safari ya mjini kwenda kulifungua. Marekani mtu wa posta ndiye anayekuja, Jumatatu hadi Jumamosi, mpaka kwenye sanduku la nyumba yako. Kwa hiyo tangazo la karatasi, ambalo kwetu hugawiwa stendi au hubandikwa ukutani, huku lina njia ya kumfikia mtu nyumbani kwake bila wewe kugonga mlango. Mwenzetu aliyefungua kampuni ya usafi Columbus, saluni ya kusuka Dallas au mgahawa wa pilau Minneapolis akitafuta wateja nje ya jamaa na marafiki, mapema au baadaye mtu atamwambia: tuma postikadi.

Ushauri si mbaya, ila haujakamilika. Postikadi hutumwa kwa njia tatu zinazotofautiana bei, kanuni za posta, na hata aina ya mtu anayeishika mkononi. Ya kwanza ni kupeleka kwa kila nyumba ya mtaa fulani bila kuandika jina. Ya pili ni kununua orodha ya watu wenye sifa unazozitaka. Ya tatu ni kuwaandikia wateja waliokwisha kukulipa. Wengi huchagua kwa kuangalia bei ya kadi moja. Mimi naona swali la kutangulia ni hili: mteja wako anatambulika kwa kitu gani? Kwa mahali anapoishi, kwa hali ya maisha yake, au kwa kuwa tayari anakujua?

Tutapima kwa nini

Kila njia nitaiangalia kwa mambo yale yale: gharama, nani anaipata kadi, kazi na muda, na urahisi wa kujua kama imeleta kitu. Kisha nitasema inamfaa nani.

Lakini gharama haina maana mpaka uijue faida yako kwa mteja mmoja, kwa hiyo tuanze na hesabu hiyo. Tuseme kadi 1,000, kuchapa na posta kwa pamoja, zimekula dola 400. Una kampuni ya usafi, unatoza dola 150 kwa nyumba, na ukishamlipa msaidizi, sabuni na mafuta ya gari unabaki na dola 60. Wateja 7 wanatosha kurudisha fedha yako, yaani chini ya mtu mmoja kwa kila kadi 100. Zaidi ya hapo, mteja mmoja akiamua kukuita kila baada ya wiki mbili, yeye peke yake hurudisha gharama yote katika miezi mitatu hivi.

Sasa chukua mgahawa unaobaki na dola 6 kwa sahani. Kwa dola 400 zile zile unahitaji sahani 67. Inawezekana, maana familia moja hula sahani nne na huweza kurudi wiki ijayo, lakini hesabu ni nyingine kabisa. Kadi ya senti 40 inaweza kuwa ghali kwa mmoja na kadi ya dola nzima ikawa rahisi kwa mwingine. Andika namba zako kabla ya kuongea na mchapaji yeyote.

Njia ya kwanza: mtaa mzima

Posta ya Marekani ina huduma iitwayo Every Door Direct Mail, kwa kifupi EDDM, iliyoanza mwaka 2011. Unachagua njia anayopita mpeleka barua, naye anaweka kadi yako katika kila sanduku la njia hiyo.

*Gharama.* Hapa ndipo posta huwa rahisi kuliko kwingine: senti ishirini na kitu kwa kadi, chini ya nusu ya stempu ya postikadi. Huhitaji kibali wala ada ya mwaka ukitumia huduma ya kaunta, yaani ukizipeleka kadi mwenyewe kwenye ofisi ya posta. Kiwango cha chini ni kadi 200, na cha juu ni 5,000 kwa siku kwa kila namba ya ZIP, yaani namba ya eneo la posta. Unachookoa kwenye posta, sehemu yake hurudi kwa mchapaji, kwa sababu kadi ya EDDM lazima iwe kubwa: upande mrefu uzidi inchi 10.5, au upande mfupi uzidi inchi 6.125, na isivuke inchi 12 kwa 15. Ndiyo maana wachapaji huuza sana saizi ya inchi 6.25 kwa 9. Ukichapa kadi ndogo za inchi 4 kwa 6 kwa kuvutiwa na bei, kaunta haitazipokea kwa huduma hii, hata ziwe nzuri namna gani. Thibitisha saizi kabla ya kulipa.

*Nani anaipata.* Kila mtu, na hilo ndilo jema lake na ndilo baya lake. Tovuti ya Posta inakuonyesha ramani. Ukigusa njia unaona ina nyumba ngapi na biashara ngapi, pamoja na picha ya jumla ya umri, kipato na ukubwa wa kaya, kutokana na takwimu za sensa. Unaweza kuchagua nyumba za kuishi pekee ukaacha ofisi. Lakini ndani ya njia huwezi kuruka hata mlango mmoja. Fundi wa mapaa atamlipia mpangaji wa ghorofa ya tatu ambaye hana paa la kutengeneza. Na kadi haina jina: imeandikwa tu kwamba ni ya mkazi wa hapo, kwa hiyo picha na kichwa cha habari vibebe mzigo wote.

*Kazi na muda.* Ni kazi ya mikono. Unahesabu kadi kwa vibunda vya 50 hadi 100, unavifunga, unaweka juu ya kila kibunda karatasi inayotaja njia yake, unajaza fomu, kisha unazipeleka kwenye ofisi ya posta inayohudumia njia hizo. Hiyo inaweza isiwe ofisi iliyo karibu nawe. Jioni moja ya familia mezani inatosha kwa kadi elfu moja. Baada ya hapo kadi hufika ndani ya siku chache, ila Posta haikuahidi siku maalumu. Mwenye mgahawa anayetangaza futari ya wiki ijayo anajitia presha bure. Ofa ya EDDM iwe na wiki tatu au nne za uhai.

*Kupima.* Ukiweka alama tofauti kwa kila njia, mfano neno moja la punguzo kwa upande wa mashariki wa barabara kuu na jingine kwa magharibi, utajua mtaa upi umeitika. Mtu mmoja mmoja hutamjua mpaka apige simu.

*Inamfaa nani.* Biashara ambayo karibu kila jirani anaweza kuitumia, na ambayo umbali unaamua: mgahawa, dobi, kinyozi, fundi wa magari, kituo cha kulea watoto, usafi wa nyumba, kukata majani. Pia anayefungua duka jipya na hajulikani kabisa.

Njia ya pili: orodha ya kununua

Hapa kuna makampuni yanayouza majina na anwani kwa vigezo. Unaweza kuomba wenye nyumba zao wenyewe na si wapangaji, nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka fulani, kaya zenye watoto wadogo, au watu waliohamia mtaa huo mwezi uliopita.

*Gharama.* Kadi moja hapa huwa ghali kuliko ya mtaa mzima, kwa sababu unalipia vitu vinne: jina lenyewe, uchapaji, posta, na kazi ya kupanga anwani. Kila kichujio unachoongeza huongeza bei ya jina. Ukitaka kutuma mwenyewe kwa bei ya matangazo, yaani bei nafuu ya wanaotuma matangazo kwa wingi, Posta inataka kadi zisizopungua 200 na kibali chenye ada yake ya kuomba na ada ya kila mwaka. Kwa anayetuma mara mbili kwa mwaka kibali hakilipi. Mpe kazi mchapaji mwenye huduma ya kutuma, yeye hutumia kibali chake.

Soma mkataba wa orodha neno kwa neno. Nyingine huuzwa kwa matumizi ya mara moja tu, na muuzaji hupandikiza humo anwani zake mwenyewe ili ajue ukirudia. Kama una nia ya kutuma mara tatu, nunua haki ya kutuma mara tatu tangu mwanzo.

*Nani anaipata.* Wachache zaidi, lakini wenye sababu ya kukusoma. Fundi wa bomba anayeandikia nyumba za miaka ya sitini anaongea na watu wenye mabomba yaliyochoka. Wakala wa bima anayeandikia waliohamia juzi anamkuta mtu ambaye bado hajachagua. Kadi ina jina, na aliyejiandikisha huduma ya bure ya Posta ya kutumiwa kwa barua pepe picha za barua zinazokuja huweza kuiona asubuhi kabla haijafika. Kadi za EDDM, kwa kuwa huenda kwa vibunda moja kwa moja kwa mpeleka barua, hazipiti kwenye mashine zinazopiga picha hizo.

Tatizo ni uchakavu. Watu huhama, na wa jamii zetu nao huhama: familia iliyopokelewa Louisville kama wakimbizi leo inaweza kuwa Iowa baada ya mwaka, imefuata kazi ya kiwandani au ndugu. Kwa bei ya matangazo, kadi ya aliyehama haimfuati, inatupwa, nawe husikii lolote. Kanuni za Posta zinataka anwani ziwe zimelinganishwa na taarifa za waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma. Muulize muuzaji alifanya hivyo lini, na majibu ya kuzungukazunguka yakutie shaka.

Jambo jingine zito: mawakala wa nyumba na wakopeshaji wa fedha za nyumba wasichuje orodha kwa asili ya mtu, dini au kuwa na watoto. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968, pamoja na marekebisho yake, inalinda mambo hayo, na nia njema ya kuwahudumia watu wa kwenu haitoshi kuwa kinga.

*Kazi na muda.* Kazi ya mikono ni ndogo, ya kufikiri ni kubwa. Vichujio vibaya hukupa orodha safi ya watu wasiokuhitaji. Tenga muda wa kuwachunguza wateja wako bora kumi: wanaishi nyumba za namna gani, walikuita wakiwa na shida gani? Majibu hayo ndiyo vichujio vyako. Kufika kwa kadi huchukua siku kadhaa mpaka zaidi ya wiki.

*Kupima.* Rahisi kuliko njia zote za kutafuta wateja wapya. Una majina, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi unalinganisha orodha uliyoitumia na daftari la waliolipa.

*Inamfaa nani.* Huduma isiyohitajika na kila nyumba, lakini yenye faida kubwa kwa anayeihitaji: paa, mabomba, viyoyozi, bima, matunzo ya wazee nyumbani.

Njia ya tatu: wateja ulionao

Njia hii haina mvuto wa namba kubwa, ndiyo maana huachwa. Unachukua daftari la waliokulipa mwaka jana, unabandika stempu, unatuma.

*Gharama.* Kwa kadi moja, ni ghali: stempu ya postikadi ilivuka senti 60 mwaka 2025. Kwa jumla, ni kidogo: wateja 120 ni chini ya dola 80 za stempu. Kadi ikae kati ya inchi 3.5 kwa 5 na inchi 4.25 kwa 6. Ikizidi hapo inahesabiwa kama barua, na stempu ya barua ilifika senti 78 Julai 2025. Hakuna kiwango cha chini, hakuna kibali. Unaweza kutuma kumi leo na tano Ijumaa.

*Nani anaipata.* Anayekujua. Kadi yako haianzi na kazi ya kumfanya akuamini. Na kwa kuwa inakwenda kwa daraja la kwanza la posta, aliyehama akiacha anwani mpya inamfuata, na isipoweza kumfikia hurudi kwako, mradi umeandika anwani yako. Kila iliyorudi inakusafishia daftari.

Hapa pia unaweza kuandika kwa lugha ya mtu. Kadi ya mtaa mzima Phoenix lazima iwe ya Kiingereza, pengine na Kihispania. Kadi kwa mteja wako kutoka Bukavu inaweza kumsalimu kwa Kiswahili na kumuuliza watoto hawajambo, na mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu yako unamfikia kuliko rangi zote za mchapaji. Nadhani hii ndiyo nguvu ambayo wafanyabiashara wetu wanayo na hawaitumii vya kutosha.

*Kazi na muda.* Kazi kubwa ni kuwa na anwani. Wengi tuna namba za WhatsApp tu. Anza sasa kuomba anwani unapotoa risiti, mweleze mteja utaitumia kwa nini, na usimpe mtu mwingine. Kadi hufika ndani ya siku moja hadi tano, hivyo ni njia pekee kati ya hizi tatu unayoweza kuitegemea kwa jambo lenye tarehe: Idi, Krismasi, kufunguliwa kwa shule, msimu wa kodi kabla ya Aprili 15.

*Kupima.* Unamjua kwa jina. Alirudi au hakurudi.

*Inamfaa nani.* Biashara inayotegemea kurudi: msusi, mshonaji, mtayarishaji wa kodi, daktari wa meno, msafirishaji wa mizigo kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Haimfai aliyefungua mwezi uliopita, maana hana wa kumwandikia. Na hata kwa mkongwe, haileti sura mpya yenyewe. Inaweza kuleta ukiweka ofa ya "njoo na jirani".

Mambo yanayozigusa zote tatu

Kurudia kunashinda wingi, mara nyingi. Mwenye fedha ya kadi 1,200 afikirie kaya 400 mara tatu, kwa nafasi ya wiki nne au tano, kabla ya kaya 1,200 mara moja. Bomba halipasuki siku kadi yako inapofika. Unataka jina lako liwe limeshaonekana siku litakapopasuka.

Kadi iwe na jambo moja. Orodha ya huduma kumi na mbili haisomwi na mtu anayetoka kwenye sanduku kuelekea jikoni. Huduma moja, sababu moja ya kupiga simu, tarehe ya mwisho, namba ya simu inayoonekana kwa mbali. Msimbo wa QR ni nyongeza nzuri, lakini mteja wa miaka 70 atatafuta namba. Na hakikisha simu inapokelewa. Kadi ikifika Jumamosi na wewe uko kwenye harusi, fedha imekwenda.

Kwa kupima, QR na neno la punguzo husaidia, ila kitu cha bei rahisi na cha uhakika ni kumuuliza kila anayepiga: umetujuaje? Andika jibu hapo hapo.

Usijaribu kuokoa fedha ya posta kwa kuzunguka ukiweka karatasi zako ndani ya masanduku ya barua. Sheria ya shirikisho inakataza kuweka humo tangazo lisilolipiwa posta, na faini ipo. Kutundika tangazo kwenye kitasa cha mlango ni jambo jingine. Linaruhusiwa sehemu nyingi, lakini uliza kanuni za mji wako na uheshimu kibao kinachokataza wachuuzi.

Kwa hali yako

Umefungua mgahawa au saluni mwezi huu na mtaa haukujui: chukua EDDM kwa njia moja au mbili zilizo karibu kabisa na mlango wako, uzirudie. Usitawanye kadi mji mzima; mtu hatavuka daraja na msongamano wa magari kwa sababu ya punguzo la dola tano kwa biashara asiyoijua.

Unauza kitu ambacho nyumba moja kati ya ishirini ndiyo inakihitaji, na kazi moja inakupa faida ya mamia ya dola: nunua orodha, anza na kadi 200 au 300, linganisha na daftari, kisha panua. Faida ikiwa ndogo kwa kazi moja, orodha itakula kila unachopata.

Una miaka mitatu kwenye biashara, wateja zaidi ya mia, na miezi miwili ya mwaka simu hunyamaza: andikia wateja ulionao wiki tatu kabla ya miezi hiyo. Ukishawamaliza na bajeti imebaki, ndipo uangalie mtaa wanakotoka wengi wao, na utume EDDM hapo hapo.

Wateja wako karibu wote ni wazungumzaji wa Kiswahili, kama msafirishaji wa mizigo au muuza vitenge: EDDM itapita kwenye nyumba nyingi mno zisizokuhusu, hata katika mitaa yenye watu wetu wengi. Kadi za stempu kwa wateja ulionao, na rundo la zile zile uliloombea ruhusa kuliacha kanisani, msikitini na kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, zitafika mbali zaidi kwa fedha hiyo hiyo.

Na kama dola 200 ndizo pekee ulizonazo kwa matangazo robo hii ya mwaka, na huna daftari la anwani: tafuta kwenye ramani njia moja ndogo ya EDDM ambayo fedha hiyo inatosha kuifikia nzima, au subiri uongeze fedha. Huku ukisubiri, anza daftari la anwani kwa mteja wa kwanza atakayeingia kesho asubuhi.